Pumu ya watoto: hakiki msimbo kabla ya kuhesabu

Katika vijiji vya bonde la Mto Mbwemkuru, Nachingwea na Ruangwa, msimu wa kupuliza mikorosho huja na vumbi la salfa, na vumbi hilo huwasha njia za hewa. Mtoto anayebanwa kifua anaweza kuandikiwa nimonia leo, mkamba mwezi ujao, na pumu akifikishwa hospitali ya wilaya. Huenda yote matatu ni pumu ileile. Anayetaka kujua idadi ya wagonjwa asiishie kuhesabu msimbo wa pumu.

1. Jua misimbo jirani. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, J45 ni pumu na J46 ni shambulio kali lisilokatika. Lakini wagonjwa wengine wa pumu hujificha kwenye J18 (nimonia), J20 (mkamba wa ghafla) na R06.2 (mlio wa filimbi kifuani).

2. Pekua majalada pande mbili. Tuseme umepekua majalada 50 ya J45, na 35 yanaonyesha mlio uliorudi tena na tena na nafuu baada ya salbutamoli: usahihi ni asilimia 70. Kisha pekua nimonia za kujirudia. Huko utakuta pumu zilizokupita.

3. Tafuta ushahidi wa pili. J45 iliyoandikwa siku mbili tofauti, pamoja na dawa ya kuvuta, ina uzito zaidi kuliko ya hudhurio moja. Ila angalia leja ya stoo: dawa ikiwa iliisha, kutoandikiwa si dalili kwamba mtoto hana pumu.

4. Tenganisha umri. Kwa walio chini ya miaka 5, virusi vya mafua huleta mlio uleule. Wahesabu peke yao.

5. Rekebisha uandishi mezani. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka, na hapo wengi huandika nimonia. Akiwa na mlio, mpe kwanza salbutamoli ya kuvuta. Chupa ya plastiki ya nusu lita hufaa kuwa chemba. Subiri dakika 15, hesabu tena, uandike: "Mlio, pumzi 52, baada ya dawa 36, mara ya tatu mwaka huu." Mhakiki hawezi kufanya lolote na neno "kikohozi" pekee.

Taarifa ikienda kwa mganga mkuu wa wilaya, weka idadi ya J45 na pembeni yake asilimia iliyothibitika. Bila asilimia hiyo, idadi haitoshi kuagizia dawa.