Mlio Mdogo Chini ya Motokaa

Nguvu ya motokaa huzaliwa katika injini, lakini kazi yenyewe hufanywa na magurudumu. Kati ya hapo pana safari. Nguvu hutoka katika injini, hupita katika klachi, huingia katika giaboksi, ambamo magurudumu yenye meno huibadili iwe ya polepole na nzito, au ya mbio na nyepesi. Kisha huchukuliwa na mhimili mrefu wa chuma uitwao propela, ulalao chini ya motokaa. Propela huizungusha difu, na difu huyazungusha magurudumu ya nyuma. Motokaa ndogo nyingi za siku hizi huvutwa na magurudumu ya mbele, nazo hazina propela ndefu. Walakini malori yangali nayo.

Propela haiwezi kuwa fimbo moja iliyokazwa kabisa kila upande. Giaboksi imefungwa katika fremu, bali magurudumu ya nyuma hupanda na kushuka juu ya springi kila yapitapo katika shimo. Kwa hiyo kila ncha ya propela ina kiungo kiitwacho krosi, yaani kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, kiwezacho kupinda huku kikizunguka. Robert Hooke, mtaalamu wa Uingereza, alieleza kiungo cha namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1676, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya motokaa kuwako. Tena propela ina mahali pa kuteleza, ipate kurefuka na kufupika kidogo.

Ndani ya giaboksi mna mafuta mazito, ili meno ya chuma yasisagane. Pale mhimili unapotokeza nje pana pete ya mpira iitwayo sili. Mdomo wake hushika chuma kizungukacho, nayo huzuia mafuta yasitoke. Chuma kikizunguka sawasawa, sili hudumu sana. Kikitikisika, mdomo huo hulika upesi.

Mfano mwema ni Land Rover, motokaa iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Katika zile za zamani ziitwazo Series, na katika Defender zilizotengenezwa mpaka mwaka 2016, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Ina ngoma yake nyuma ya giaboksi ya pili iitwayo transfa, na propela ya nyuma imefungwa katika ngoma hiyo kwa bolti nne. Basi mafuta yakivuja hapo, huingia ndani ya ngoma, na breki ya mkono hushindwa kushika.

Dereva mmoja wa Land Rover ya namna hiyo alikuwa akipeleka dawa katika vijiji vya milimani. Kwa muda wa majuma mawili alisikia mlio mdogo chini ya sakafu, lakini hakuujali. Siku moja alisimama mlimani, akavuta breki ya mkono, akashuka. Motokaa ikaanza kurudi nyuma polepole, na nyuma yake palikuwa na watoto waliokuja kutazama. Utingo alikuwa mwepesi. Akatupa jiwe kubwa nyuma ya gurudumu, motokaa ikasimama. Kesho yake dereva akaenda kwa fundi.

Fundi hakukimbilia spana. Kwanza aliuliza, "Mlio wasikika wakati gani, mwanangu?"

"Ninapoondoka, mzee, na ninapobadili gia. Hugonga mara moja, ko! Tena nikienda mbio sakafu hutetemeka."

"Na ukibadili gia hali mwendo ni ule ule, mtetemeko hubadilika?"

"La, haubadiliki."

Fundi akajua kwamba ubaya haukuwa katika injini, kwa kuwa mzunguko wa injini hubadilika pamoja na gia, bali propela hufuata mwendo wa magurudumu.

Kisha alitia kabari mbele na nyuma ya magurudumu, akaingia chini na taa. Aliona mafuta yametapakaa hata kwenye difu, lakini hakudanganyika, kwani upepo wa mwendo husukuma mafuta nyuma. Alifuta yote, akatafuta mahali pa mbele na pa juu palipolowa. Palikuwa nyuma ya ngoma ya breki. Mafuta yalikuwa mazito, yenye harufu ya kiberiti. Hayo ni mafuta ya gia, si ya injini. Akaishika propela na kuitikisa. Nati mbili kati ya nne ziligeuka kwa vidole, na penye krosi palikuwa na unga mwekundu wa kutu, dalili ya kukosa grisi.

Hapo sababu ikawa wazi. Nati zililegea, propela ikatikisika, sili ikalika, mafuta yakavuja, breki ikalowa. Kama fundi angalibadili sili tu, nayo ingaliharibika vivyo hivyo.

Kabla ya kufungua alitia alama katika propela na katika ngoma, zipate kurudi zilivyokuwa. Alihakikisha tena kabari, kwa sababu propela ya nyuma ikiondolewa, gia na breki ya mkono hazizuii tena magurudumu ya nyuma, na motokaa yaweza kumponda aliye chini yake. Alitoa ngoma, akang'oa sili kuukuu, akapitisha ukucha juu ya chuma kilichosuguliwa nayo. Kama angaliona mfuo, angalibadili chuma hicho pia. Sili mpya aliipaka mafuta, akaigonga polepole pande zote, mdomo wake ukielekea ndani. Viatu vya breki vilivyokunywa mafuta alivitupa, akatia vipya. Alizibua na tundu la kupumulia la giaboksi, kwa kuwa likizibwa, hewa yenye moto husukuma mafuta nje hata penye sili nzima.

Mwisho alitia krosi mpya na grisi, akafunga propela kwa nati mpya zisizolegea upesi, akajaza mafuta ya gia mpaka yakadondoka katika tundu la kipimo. Baada ya siku chache alizijaribu nati zote tena kwa spana.

Wazee husema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Kukaza nati mbili ni kazi ya dakika chache. Dereva yule alilipa sili, krosi, viatu vya breki, mafuta, na kazi ya siku nzima. Na bila jiwe la utingo angalilipa zaidi.

MASWALI
1. Kwa nini propela yahitaji krosi?
2. Fundi alijuaje kwamba ubaya si wa injini?
3. Kwa nini kubadili sili peke yake hakungefaa?
4. Kabari zina kazi gani propela inapofunguliwa?