Somo la Usalama: Mwanafunzi Asiye na Kazi na Wakala wa Uongo



Kijana aliyeandikishwa chuoni huonekana kuwa ameshapata njia. Hata hivyo, karo, kodi ya chumba na chakula vyamsubiri, na vibarua ni haba. Huyo ndiye anayewindwa na wakala wa uongo: ana elimu, ana simu, na anaona haya kurudi nyumbani kuomba tena. Akiambiwa kuna kazi Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Kobero, au Uarabuni, huacha masomo na kuondoka bila kuaga.

Kutafuta kazi nchi jirani si kosa. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inawafungulia raia wetu ajira katika nchi wanachama. Lakini yapo masharti: hati halali ya kusafiria, mkataba na kibali cha kazi. Anayevushwa kwa njia za panya hufika ugenini bila karatasi ya kumtetea. Asipolipwa, huogopa kushtaki, na mwajiri dhalimu analijua hilo.

Sheria ya Burundi ya tarehe 29 Oktoba 2014 inazuia na kuadhibu biashara haramu ya binadamu. Ili kuitambua, tazameni mambo matatu: tendo, kama vile kumsafirisha au kumpokea mtu, mbinu, kama vile udanganyifu au vitisho, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Aliyedanganywa hata akikubali, kukubali kwake hakumsafishi mhalifu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, tendo na lengo vyatosha, hata pasipo udanganyifu.

Kabla ya safari, kijana na ahakikishe haya:

1. Mkataba umeandikwa kwa lugha anayoielewa, ukitaja mwajiri, mahali, mshahara na saa za kazi. Asemaye "mkataba utaupata ukifika" ni wa kuepukwa.
2. Pasipoti inakaa mikononi mwake, na nakala yake inabaki nyumbani.
3. Wazazi wanazo namba za simu za wakala na za mwajiri.
4. Polisi au ofisi ya serikali inayohusika na kazi imeulizwa kama wakala huyo anatambuliwa.

Wazazi nanyi, msiuze shamba kwa ajili ya ahadi isiyo na maandishi. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Na aliyerudi mikono mitupu asichekwe. Huyo ni mhanga, si mkosaji. Ushahidi wake ndio unaoweza kumfikisha wakala mbele ya hakimu na kumwokoa mwanafunzi mwingine.

Maswali ya kujadiliana mtaani:

1. Kwa nini wakala wa uongo humtaka kijana asimwambie mtu yeyote?
2. Ni vibarua gani hapa kwetu tunavyoweza kuwapa wanafunzi ili wamalize masomo yao?