Tunaomba mvua, huku tunakata miti

Wapo wenzetu hapa Mwigobero ambao ukiwatajia habari ya ukataji miti wanakuonyesha ziwa. "Maji si hayo, ndugu yangu? Msitu wa nini?" Hoja hii nimeisikia sokoni na barazani baada ya swala, na naona ina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa ziwa linajitegemea. Takriban asilimia 80 ya maji ya Ziwa Victoria hutokana na mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, na sehemu kubwa ya maji hayo jua huyageuza kuwa mvuke. Mvua ikipungua, ziwa hupungua.

Na mvua haitoki baharini na ziwani tu. Mizizi ya mti hunyonya maji ardhini, majani yakayatoa hewani kama mvuke. Mvuke hupanda, hupoa, huwa mawingu, kisha hunyesha tena mbali zaidi. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa Brazil, Eneas Salati, alionyesha kuwa karibu nusu ya mvua ya msitu wa Amazon hutokana na mzunguko huo. Misitu ya Kongo, magharibi yetu, nayo hufanya kazi hiyo. Ikikatwa, upepo unaopita juu yake hubeba unyevu mchache.

Kosa la pili ni kuusahau Mto Mara. Mto huu huanzia katika msitu wa Mau nchini Kenya, kwa mito ya Nyangores na Amala, hupita Masai Mara na Serengeti, ukafika daraja la Kirumi na kuingia ziwani, jirani na sisi. Mwaka 2001 Serikali ya Kenya iliondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau katika hifadhi. Ripoti ya kikosi kazi ya mwaka 2009 ilieleza kuwa karibu robo ya msitu huo ilikuwa imepotea katika miongo miwili.

Penye msitu, mvua huzama ardhini na kutoka pole pole kiangazi chote. Palipokatwa, mvua ileile huteremka kwa siku chache na tope lake, halafu mto hunywea. Mafuriko na ukame vina mama mmoja.

Atauliza mtu: mbona mwaka 2020 ziwa lilijaa kuliko wakati wowote uliorekodiwa kabla ya hapo? Ni kweli, mvua zilikuwa nyingi mno. Lakini mvua nyingi juu ya ardhi tupu si akiba. Huchukua udongo wa shamba na kuupeleka ziwani.

Sasa tufanye nini? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Tuuheshimu ukanda huo na kuupanda miti. Tuulize mkaa tunaonunua umetoka wapi. Na kwa kuwa Mau haiko mikononi mwetu, tuwadai viongozi wetu waisemee katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kabla ya swala ya kuomba mvua, wanazuoni hutuhimiza kutubia na kuacha dhulma. Ndugu zangu, anayekata msitu ulio juu ya mto humdhulumu aliye chini yake. Tuanze kuiacha dhulma hiyo, kisha tuinue mikono.