Maji ya Jalala: Twahara Tu Haitoshi



Mvua ikinyesha kwetu Ngarama, chini ya jalala la karibu na soko huchuruzika maji meusi yanayonuka. Likizo iliyopita mdogo wangu aliniuliza: "Kaka, maji haya yakisafishwa yakawa meupe, mtu anaweza kutawadha nayo?" Mimi ninayesoma dini nilikosa jibu. Nikarudi Mbarara kutafuta.

Maji hayo ni mvua iliyopita ndani ya taka zinazooza. Hubeba amonia, najisi, na pengine risasi kutoka kwenye betri kuukuu. Hatujasahau Kiteezi, jalala la Kampala lililoporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Lakini jalala hudhuru pia kimyakimya, kwa maji yake.

Njia mojawapo ya kuyasafisha ni mwani mdogo kama Chlorella, jamii ya ule ukijani wa kwenye pipa lililokaa juani. Hula amonia na fosfori, na kwenye mwanga hutoa oksijeni inayosaidia bakteria kuvunjavunja uchafu. Kwanza maji hayo huzimuliwa, kwa sababu weusi huzuia mwanga na amonia ikizidi huua mwani wenyewe. Mwishoni mwani huvunwa. Ukifia humo, uchafu hurudi majini.

Hukumu yake? Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia mwaka 1978, na Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1989, yaliamua kuhusu majitaka yaliyosafishwa: rangi, ladha na harufu ya najisi zikiondoka kabisa, maji yametwaharika na udhu unafaa. Mimi si mufti, lakini naona kipimo hicho kinatufaa hapa.

Ila tusiishie hapo. Risasi iliyoyeyuka majini haionekani wala hainuki. Maji yanaweza kuwa twahara na bado yakadhuru. Wanazuoni wa 1978 walilizingatia hilo: yenye madhara kwa afya huachwa kwa sababu ya madhara, si najisi. Vivyo hivyo mwani ulionyonya risasi usipewe ng'ombe.

Basi jibu langu kwa mdogo wangu ni hili: yakitwaharika na yakapimwa kuwa salama, tawadha, kwa kunywa, tafuta mengine.

Ndugu zetu wa sayansi, sisi tumefundishwa kuuliza kama maji ni twahara. Ninyi mnajua kupima kama ni salama. Tukae darsa moja, insha Allah. Na betri kuukuu tusizitupe jalalani.