Ufunguo wa Wi-Fi ya Nyumbani: Kwa Nini Ubadilishwe na Namna ya Kuubadilisha

Kata ya Kisorya ni mapito ya watu wengi. Wapo wasafiri wanaosubiri kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe. Wapo wavuvi na wachuuzi wa dagaa wanaohama kutoka mwalo mmoja hadi mwingine. Wapo pia watumishi na wafanyabiashara wanaopanga chumba kwa muda kisha wakaondoka. Katika mazingira ya namna hiyo, ruta iliyowekwa sebuleni, nyuma ya kaunta ya duka au mapokezi ya nyumba ya wageni hutumiwa na watu wengi kuliko mwenyewe anavyodhani. Kila aliyewahi kupewa ufunguo wa Wi-Fi huondoka nao ndani ya simu yake, na siku atakaporudi karibu na nyumba hiyo simu itajiunga yenyewe bila kuomba ruhusa.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya ufunguo wa mlango na ufunguo wa mtandao. Ufunguo wa mlango unaweza kudaiwa na kurejeshwa mkononi mwa mwenye nyumba. Ufunguo wa mtandao haurejeshwi. Ukishatolewa, njia ya uhakika ya kuufuta ni kuweka mwingine mahali pake. Kazi hiyo haihitaji fundi, haina malipo, na humalizika kwa muda mfupi.

Hasara za ufunguo uliozagaa

Hasara ya kwanza ni ya mfukoni. Ruta nyingi za majumbani hutumia laini ya simu na kifurushi cha kulipia kabla. Kutazama video za ubora wa kawaida hutumia takriban nusu GB hadi GB 1 kwa saa. Simu tatu za watu wasiojulikana, kila moja ikitazama video kwa saa mbili, zinaweza kumaliza GB 3 hadi 6 katika jioni moja. Mwenye ruta hulalamika kwamba kifurushi kimeisha kabla ya wakati, na pengine humtuhumu mtoa huduma, ilhali waliokitumia wameketi barazani kwa jirani.

Uzito wa hasara hiyo huonekana pale huduma inapohitajika. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu huombwa kwa mtandao. Zabuni za umma hupitia mfumo wa NeST. Maombi mengi ya aina hiyo huwa na siku ya mwisho, na kijana aliyeishiwa kifurushi saa nne usiku wa siku hiyo hawezi kumweleza msimamizi wa mfumo kwamba kilimalizwa na wapita njia.

Hasara ya pili ni ya jina. Tangu kukamilika kwa usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2020, kila laini ina mwenyewe anayejulikana kwa namba yake ya NIDA, na laini iliyo ndani ya ruta ni miongoni mwa hizo. Mtu akitumia Wi-Fi ya nyumba fulani kutuma matusi, kutapeli au kusambaza picha zisizofaa, uchunguzi huanzia kwenye laini iliyotumika. Mwenye laini anaweza kuwa hana hatia, lakini ndiye atakayeanza kuulizwa.

Hasara ya tatu ni ya siri. Aliyeingia kwenye mtandao wa nyumbani yumo ndani ya uzio. Anaweza kujaribu kufungua printa, kamera ya ulinzi, kompyuta ya duka na hata ukurasa wa kuiongoza ruta yenyewe. Ni kweli kwamba tovuti za benki na za Serikali huwa na ulinzi wake, lakini hiyo si sababu ya kumwachia mgeni lango wazi.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Anayejiunga kwa siri na mtandao wa mwenzake asidhani kwamba anafanya mzaha.

Funguo ni mbili, si moja

Watu wengi hubadilisha ufunguo mmoja na kuusahau wa pili. Wa kwanza ni ufunguo wa Wi-Fi, ule unaoombwa na simu inapojiunga. Wa pili ni nywila ya msimamizi, inayofungua ukurasa wa mipangilio ya ruta. Mwenye ufunguo wa kwanza anatumia mtandao. Mwenye nywila ya pili anaumiliki: anaweza kuubadilisha ufunguo wa kwanza, kuuona mpya, au kumfungia nje hata aliyenunua ruta.

Ruta nyingi, hasa za miaka ya nyuma, zilitoka kiwandani zikiwa na nywila inayofanana kwa maelfu ya vifaa, mara nyingi neno «admin». Athari zake zilionekana duniani mwaka 2016, pale programu hasidi iliyoitwa Mirai ilipojaribu orodha ya nywila za kiwandani takriban 60 tu dhidi ya kamera na ruta zilizounganishwa na intaneti. Vifaa vingi vilifunguka. Mwezi Oktoba mwaka huo vilitumika kushambulia kampuni ya Dyn nchini Marekani, na tovuti kubwa, Twitter ikiwa mojawapo, zikashindwa kupatikana kwa saa kadhaa. Wamiliki wa vifaa hivyo walikuwa watu wa kawaida ambao hawakuwahi kubadilisha nywila waliyoikuta.

Namna ya kuchagua ufunguo imara

Simu inapojiunga na ruta, vifaa hivyo viwili hubadilishana ujumbe wa kuthibitishana. Mtu mwenye kompyuta aliye karibu anaweza kuunasa ujumbe huo, akaenda zake, kisha akaiachia kompyuta kazi ya kubahatisha ufunguo mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo ufunguo dhaifu unaweza kupatikana bila mtu yeyote kuutoa.

Mfano ulio karibu ni namba ya simu, ambayo wengi huiweka kuwa ufunguo kwa sababu haisahauliki. Namba ya Tanzania ina tarakimu 10, lakini tatu za mwanzo hufahamika kwa sababu ni za kampuni. Zinabaki saba, yaani namba milioni 10 kwa kila utangulizi. Kwa binadamu ni nyingi. Kwa kompyuta yenye nguvu ni kazi isiyomaliza saa moja. Zaidi ya hayo, namba ya mwenye duka mara nyingi imeandikwa ukutani kwa rangi, na mtu hana haja ya kubahatisha.

Majina ya watoto, mwaka wa kuzaliwa, jina la kijiji, na neno kama Simba au Yanga likifuatiwa na mwaka, yote yamo katika orodha za mwanzo za kubahatisha. Njia bora ni kuunganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, pamoja na tarakimu. Mfano wa muundo huo ni «mwiko-sato-jioni-kengele-47». Mfano huo usitumiwe kama ulivyo, kwa kuwa umekwisha kuchapishwa. Ufunguo wa Wi-Fi huruhusiwa kuwa na herufi 8 hadi 63, na ruta hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Urefu husaidia kuliko alama ngumu ambazo hata mwenyewe huzisahau.

Hatua za kubadilisha

1. Kibandiko kilicho chini au nyuma ya ruta kisomwe. Kwa kawaida huonyesha jina la mtandao, ufunguo wa kiwandani, anwani ya ukurasa wa mipangilio, na jina na nywila ya msimamizi. Anwani hiyo inakiliwe katika daftari.

2. Simu au kompyuta iunganishwe na Wi-Fi ya ruta hiyo. Kwa anayetumia simu, data ya laini ya simu izimwe ili isiingilie kati.

3. Kivinjari kifunguliwe, na anwani iandikwe juu kabisa, mahali pa anwani, wala si katika sehemu ya kutafutia. Anwani zinazoonekana mara nyingi ni 192.168.8.1, 192.168.1.1 na 192.168.0.1. Baadhi ya ruta huongozwa kwa programu maalumu ya simu.

4. Jina na nywila ya msimamizi viingizwe. Hapo menyu hufunguka, kwa kawaida kwa Kiingereza.

5. Sehemu inayoitwa Wi-Fi, WLAN au Wireless ichaguliwe, kisha aina ya usalama itazamwe. Aina ya WPA3 ndiyo bora, na WPA2 inafaa kwa simu nyingi zilizopo. Aina ya WEP iepukwe, kwani udhaifu wake umejulikana tangu mwaka 2001 na huvunjwa kwa dakika chache. Mtandao usiachwe wazi bila ufunguo.

6. Ufunguo mpya uandikwe na kuhifadhiwa kwa kubonyeza Save au Apply. Ruta itavikata vifaa vyote kwa pamoja. Hilo si hitilafu, bali ndiyo dalili kwamba ufunguo wa zamani umekufa.

7. Kifaa kijiunge upya kwa ufunguo mpya. Simu ikiendelea kukataa, jina la mtandao lifutwe kwanza katika kumbukumbu yake, kisha lichaguliwe tena.

8. Ukurasa wa mipangilio ufunguliwe tena, na nywila ya msimamizi ibadilishwe. Isifanane na ufunguo wa Wi-Fi. Funguo mbili zikiwa sawa, kila mgeni anayepewa mmoja amepewa zote.

9. Huduma ya WPS, inayoruhusu kujiunga kwa kitufe au kwa namba fupi, izimwe. Udhaifu wa namba hiyo ulitangazwa mwaka 2011.

Kazi ikikamilika, orodha ya vifaa vilivyounganishwa itazamwe na ihesabiwe. Nyumba yenye simu nne na runinga moja inapaswa kuonyesha vifaa vitano. Cha sita kitafutiwe mwenyewe.

Nywila ya msimamizi ikisahaulika

Ruta huwa na kitobo kidogo ambacho ndani yake kuna kitufe cha kuirejesha katika hali ya kiwandani. Hubonyezwa kwa pini kwa takriban sekunde 10 ruta ikiwa imewashwa. Kabla ya kufanya hivyo, mtoa huduma aulizwe, kwa sababu mipangilio ya laini inaweza kufutika na ikahitaji kuingizwa upya. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba baada ya hatua hiyo ufunguo unaotumika ni ule wa kwenye kibandiko, na kila aliyewahi kukisoma kibandiko hicho anaweza kuingia. Hivyo hatua zote tisa zirudiwe siku hiyo hiyo.

Ukarimu usiofungua kila mlango

Kumnyima mgeni mtandao si desturi ya watu wengi, wala somo hili halishauri hivyo. Ruta nyingi za sasa zina mtandao wa wageni, wenye jina lake na ufunguo wake. Mgeni huperuzi intaneti bila kuvifikia vifaa vya nyumbani, na katika baadhi ya ruta anaweza kuwekewa kikomo cha matumizi. Akiondoka, ufunguo wa wageni ndio hubadilishwa, na familia haisumbuki kuunganisha upya runinga na kompyuta.

Mtandao wa wageni una faida nyingine. Simu nyingi za sasa zinaweza kuonyesha ufunguo uliohifadhiwa kwa mchoro wa msimbo wa QR, na simu nyingine ikauchukua kwa kamera. Ufunguo aliopewa mtu mmoja mchana unaweza kuwa kwa watu kumi jioni, bila yeye kuwa na nia mbaya.

Wamiliki wa nyumba za wageni na maduka karibu na mialo wanaweza kutumia kalenda ambayo tayari wanaifahamu. Uvuvi wa dagaa hufanyika katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapowadia wavuvi wengi hupumzika. Ufunguo wa wageni ukibadilishwa kila mbalamwezi, mwenye biashara hatasahau zamu yake, na walioondoka na ufunguo wa mwezi uliopita hawataendelea kuutumia.

Ufunguo wa familia na nywila ya msimamizi vibadilishwe bila kusubiri mwezi pale mfanyakazi au mpangaji anapoondoka, simu iliyokuwa imeunganishwa inapopotea au kuibwa, ruta inaponunuliwa kwa mtu mwingine, au kifurushi kinapoisha haraka bila sababu. Funguo mpya ziandikwe katika daftari la nyumbani linalotunzwa pamoja na nyaraka za familia, si kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya ruta.

Anayepokea ujumbe wa kitapeli kwa simu anaweza kuiripoti namba ya tapeli kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Kuhusu ruta, ulinzi wa kwanza uko mikononi mwa mwenyewe, na pa kuanzia ni kukigeuza kifaa hicho na kusoma kibandiko kilicho chini yake. Kama maneno yaliyoandikwa hapo bado ndiyo yanayofungua Wi-Fi ya nyumbani, kazi ya kuyabadilisha haijafanyika.