Dawa ya kuendesha tumbo

Katika internati kuna wenye kumeza bisakodili ao kunywa sene kila juma, ati tumbo libakie safi. Lakini kwenda choo mara 3 kwa siku, ao mara 3 tu kwa juma, si ugonjwa! Dawa hizi zinachokoza utumbo mkubwa kwa nguvu. Zinafaa siku chache. Ukiharisha hivyo miezi mingi, maji na potasiamu vinatoka mwilini. Misuli inalegea, na moyo, ambao nao ni msuli, unaweza kupiga vibaya. Ukiziacha, choo kinachelewa siku kadhaa, ndipo wengi wanarudilia kidonge. Muvumilie kwanza. Mukunywe maji, mukule sombe na maharagi (hata yale ya hapa). Mwenye kuona damu chooni, aende dispensari leo leo.