Dira ya Simu: Ipime Kabla ya Kuiamini

Watumiaji wengi hudhani kwamba simu inayojua mahali ilipo hujua pia upande inakoelekea. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mahali hupatikana kwa mawimbi ya setilaiti. Upande, hasa mtu anapokuwa amesimama, hupatikana kwa kihisi kidogo kinachopima uga wa sumaku wa dunia. Uga huo ni hafifu, kati ya maikrotesla 25 na 65 hivi. Sumaku ndogo ya kufungia kava la simu yaweza kuushinda kabisa.

Madhara yake si madogo. Mvuvi anayefuata dira iliyokosea kwa nyuzi 10 tu, akisafiri kilomita 20, hujikuta kando ya njia yake kwa kilomita 3.5 hivi.

Tunakushauri uipime dira yako hivi:

1. Ilaze simu juu ya meza ya mbao, ubavu wake ukigusa ukingo wa meza. Soma nyuzi. Igeuze robo mzunguko palepale, usome tena, hadi utimize pande 4. Kila mgeuzo ubadili kipimo kwa nyuzi 90 hivi. Tofauti zikipishana sana, kosa limo katika simu yenyewe au kava lake.

2. Sogea hatua kadhaa bila kubadili upande inakoelekea simu. Kipimo kikibadilika sana, kosa ni la mahali: nondo za zege, bati, spika au bodi la gari. Ondoka hapo. Umbali una faida kubwa, kwa kuwa ukiongezeka mara 2, nguvu ya sumaku ndogo hushuka hadi sehemu 1 ya 8 hivi.

Kosa likiwa la simu, vua kava, simama mahali pa wazi, uizungushe simu hewani kwa umbo la tarakimu 8 huku ukiigeuza pande zote. Kwa mzunguko huo, programu huutambua usumaku unaogeuka pamoja na simu, ikauondoa katika hesabu. Kisha rudia kipimo cha kwanza. Kumbuka kwamba marekebisho hayo ni ya hali ile ile: ukivalisha kava jingine, anza upya.

Unaponunua kava au kishikio cha simu cha pikipiki, muulize muuzaji kama kina sumaku. Omba kukijaribu hapo hapo dukani, dira ikiwa imefunguliwa, na uitunze risiti. Aidha, usiharakishe kuirudisha simu kabla ya kuipima bila kava.

Hata ikiwa sahihi, dira ya simu isichukue nafasi ya dira ya chombo baharini. Wala usiiweke simu kando ya dira hiyo: spika ya simu ina sumaku, nayo yaweza kuipotosha dira uliyoitegemea.